VAT Isiyorudi Ikae Kwenye Bei ya Mzigo

Chang'ombe, Dar es Salaam, ni mahali ambapo mzigo haukai sana kabla ya kubadilika sura. Kuna viwanda na maghala yaliyopangana na Barabara ya Nyerere, ile ambayo watu wazima bado wanaiita Pugu Road. Hatua chache tu ziko karakana za samani za Keko, na humohumo kuna chuo cha VETA kinachofundisha ufundi wa kila namna. Bodi za MDF, sponji, vitambaa vya sofa, vanishi na bawaba hununuliwa kwa jumla, hulala stoo siku kadhaa, kisha hutoka zikiwa kabati, kochi au rafu ya duka. Kila zinaponunuliwa kihalali hutoka risiti ya mashine ya kodi, EFD, na risiti hiyo huonyesha bei ya bidhaa na, chini yake, kodi ya ongezeko la thamani, VAT, kwa kawaida ya asilimia 18. Bei ya bidhaa haina utata, kila mtu anajua inaandikwa wapi. Ule mstari wa VAT ndio unaovuruga hesabu za wafanyabiashara wengi wadogo na wa kati, hasa tangu walipoacha daftari na kuhamia kwenye programu za kompyuta. Msimamo wa makala haya ni kwamba kodi ambayo mnunuzi hawezi kurudishiwa na serikali si matumizi ya pembeni, wala si deni analoidai Mamlaka ya Mapato, TRA. Ni sehemu ya bei ya mzigo. Inapaswa kuingia stoo pamoja na bidhaa, ikae nayo huko, na itoke nayo siku inapouzwa. Programu isiyopangwa hivyo itatoa takwimu zenye sura nzuri zinazodanganya.

Tuanze na namna kodi hii inavyotembea. VAT ilianza Tanzania Bara tarehe 1 Julai 1998, ikachukua nafasi ya kodi ya mauzo ya zamani. Kiwango kilikuwa asilimia 20 hadi 2009 kiliposhuka kuwa 18, na sheria inayotumika sasa ni ya mwaka 2014, iliyoanza kazi Julai 2015. Wazo lenyewe ni la Mfaransa Maurice Lauré, aliyelifikisha kwenye sheria za nchi yake mwaka 1954: kodi itozwe kila bidhaa inapobadilisha mikono, lakini kila mfanyabiashara aliyesajiliwa atoe alichotozwa kwenye manunuzi kutoka kwenye kile alichowatoza wateja, na serikali ipelekewe tofauti tu. Kwa mfanyabiashara wa namna hiyo, VAT aliyolipa kwenye bodi za MDF ni fedha iliyo njiani kurudi. Haimgharimu kitu zaidi ya kusubiri. Kwa asiyesajiliwa, mnyororo umekatikia kwake. Hana namba ya usajili wa VAT, VRN, hajazi ritani ya VAT, hana pa kudai. Atauza tena bidhaa hiyo, ni kweli, lakini kwa macho ya sheria ya VAT yeye yuko sawa na mama aliyenunua bodi moja ya kutengenezea meza ya nyumbani. Ndiyo maana kauli inayosikika sana madukani, kwamba "mimi VAT hainihusu, sijafika kiwango," ni nusu ya ukweli. Haimhusu kwenye kutoza. Kwenye kulipa inamhusu kila anapopakia mzigo.

Na watu wa aina hiyo wameongezeka. Mwaka 2023, wiki chache baada ya mgomo wa wafanyabiashara wa Kariakoo wa Mei mwaka huo, serikali ilipandisha kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kujisajili VAT kutoka shilingi milioni 100 kwa mwaka hadi milioni 200. Watu wengi walishangilia, na kwa haki, maana ritani za kila mwezi ni kazi. Jambo moja halikuzungumzwa sana. Miaka minne kabla yake, Sheria ya Fedha ya 2019 ilikuwa imeweka mpaka mwingine kwenye milioni 100: mfanyabiashara binafsi aliye chini yake hulipa kodi ya mapato kwa kukadiriwa kutokana na mauzo, aliye juu yake hutakiwa kuandaa hesabu kamili na kulipa kodi kwa faida. Iweke mipaka hiyo miwili sambamba na utaona kundi jipya katikati. Karakana yenye mauzo ya milioni 150 kwa mwaka inatakiwa kuandaa hesabu na kukokotoa faida, lakini haiwezi kudai hata senti ya VAT iliyolipa kwenye malighafi, isipokuwa imesajiliwa. Kwa kundi hili, swali la kodi isiyorudi iandikwe wapi linagusa moja kwa moja kiasi cha kodi ya mapato kitakacholipwa. Kati ya 2019 na 2023, kwa wafanyabiashara binafsi, kundi hilo halikuwepo, kwa sababu mipaka yote miwili ilikuwa imesimama kwenye milioni 100.

Kanuni ya uhasibu haina mzozo hapa. Kiwango cha kimataifa kinachohusu bidhaa zilizo stoo, IAS 2, kinasema gharama ya kununua ni bei ya muuzaji, pamoja na ushuru wa forodha na kodi nyingine zile ambazo mnunuzi hatarudishiwa na mamlaka ya kodi, pamoja na usafiri na gharama za kupokea mzigo, ukitoa punguzo la bei. Kile cha biashara ndogo na za kati, kilichotolewa 2009, kinasema hivyohivyo. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, ilivipokea viwango vya kimataifa kuanzia Julai 2004. Kwa hiyo mhasibu wa Chang'ombe anayeongeza VAT isiyorudi kwenye bei ya bodi habuni mtindo wake. Anafuata jambo lililokwisha kuamuliwa. Ukizingatia namna ya usemi wa kanuni hiyo, haijali jina la kodi. Inauliza tu kama fedha itarudi au haitarudi. VAT ileile, kwenye risiti ileile, ni deni la kudai kwa mnunuzi mmoja na ni gharama ya bidhaa kwa aliyesimama nyuma yake kwenye foleni.

Tuweke namba, kwa bei iliyochaguliwa ili hesabu iwe nyepesi. Karakana isiyosajiliwa inanunua bodi 100, kila moja shilingi 100,000 na VAT 18,000, yaani 118,000 taslimu. Jumla iliyotoka mfukoni ni 11,800,000. Mwisho wa mwaka bodi 60 zimeshatumika na kuuzwa, 40 ziko stoo. Hesabu sahihi ni kwamba gharama ya zilizouzwa ni 7,080,000 na mali iliyobaki ina thamani ya 4,720,000. Sasa mtu mwingine anaandika bodi kwa 100,000, halafu VAT yote ya 1,800,000 anaitupa kwenye matumizi ya mwaka pamoja na umeme na mshahara wa mlinzi. Gharama yake inakuwa 7,800,000 na stoo inaonekana kuwa na mali ya milioni 4 kamili. Faida imepungua kwa 720,000, ambayo ndiyo kodi ya zile bodi 40 zisizouzwa bado. Amedai mapema matumizi ambayo mwaka wake haujafika, na afisa wa kodi akiyakagua ana haki ya kuyarudisha.

Kosa la pili ndilo baya zaidi, na ndilo programu hulifanya yenyewe ikiachiwa. Mwandishi wa vitabu anaingiza ankara, anachagua msimbo wa kodi wa asilimia 18 kwa sababu ndivyo risiti inavyoonyesha, na programu kwa utiifu inaipeleka 1,800,000 kwenye akaunti ya VAT ya kudai. Hakuna anayeigusa tena. Kwenye mizania inasimama kama mali, kana kwamba TRA itakuja kuilipa. Gharama ya bodi zilizouzwa inasomeka milioni 6 tu, faida inavimba kwa 1,080,000, na kama karakana ni kampuni, inalipa asilimia 30 ya uvimbe huo, shilingi 324,000, kwa faida ambayo haikupatikana. Mwaka unaofuata akaunti ile inaongezeka, na mwaka wa tatu. Siku mkaguzi au benki inapouliza "hii fedha mnamdai nani?", jibu linakuwa kufuta yote kwa mkupuo, na mwaka huo mmoja unabeba hasara ya miaka mingi.

Kwa nini programu inakosea hivyo? Si kwamba haiijui kodi ya Tanzania. Tatizo ni kwamba imetungwa na mtu aliyemfikiria mnunuzi mwingine. Pale ambapo kodi ya mauzo hutozwa kwa mlaji wa mwisho peke yake, kama ilivyo katika majimbo mengi ya Marekani, mwenye duka anayenunua ili auze hatozwi kitu, hivyo swali halitokei. Pale ambapo VAT imezoeleka, mtunzi huchukulia kwamba biashara iliyofikia kununua programu ya hesabu lazima imesajiliwa. Mfanyabiashara wa Temeke mwenye mauzo ya milioni 150, kompyuta mpakato na leseni ya programu, lakini hana VRN, hakuwemo kwenye picha hiyo. Njia ya kumhudumia ipo, tena rahisi. Kwa asiyesajiliwa kabisa, misimbo ya kodi isitumike hata kidogo kwenye manunuzi: bodi iingizwe kwa 118,000, basi. Kama anataka kuuona mstari wa kodi, zipo programu zinazoruhusu. ERPNext, kwa mfano, kwenye kila kodi ya manunuzi huuliza kama ihesabiwe kwenye thamani ya bidhaa, kwenye jumla ya ankara, au kote kuwili. Ukichagua kote kuwili, anayelipwa analipwa 118,000 na stoo inapokea 118,000. Tally, inayotumika sana mjini hapa, ina mpangilio kwenye hati ya manunuzi wa kufuatilia gharama za ziada, ambazo huzigawanya kwa bidhaa kwa wingi au kwa thamani. Usiulize tu kama programu "ina VAT". Zote zinayo. Uliza kodi ikishaingizwa, bei ya bidhaa moja stoo inasoma ngapi.

Pingamizi la kwanza ni la watu wa vitendo: mzigo utauzwa tu, na siku ukiisha, kodi yote itakuwa imepita kwenye matumizi kwa njia yoyote ile, kuna haja gani ya kujisumbua? Kwa mtu ambaye stoo yake ni ileile kila mwisho wa mwaka, kweli tofauti huwa ndogo. Lakini biashara inayokua huongeza mzigo kila mwaka, na tofauti hukua nayo. Isitoshe, faida ya mwaka si matumizi pekee ya takwimu hizi. Mwenye duka hupanga bei kila siku, na hupanga kwa kuangalia bei ya kununulia iliyo kwenye programu. Akiona 100,000, akaongeza asilimia 15, atauza bodi kwa 115,000 na kumshukuru Mungu kwa faida ya 15,000, ilhali amepoteza 3,000 kwa kila bodi. Duka lenye wateja wengi litamaliza mtaji haraka kuliko lenye wateja wachache. Jambo hili linamhusu hata yule wa chini ya milioni 100 anayelipa kodi kwa mauzo. TRA haimuulizi faida, lakini bei yake ya kuuzia inamuuliza.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Ukiificha kodi ndani ya bei, wanasema, unapoteza uwezo wa kujua umelipa kodi kiasi gani kwa mwaka, na hicho ndicho kinachomwezesha mtu kuamua kama aombe kusajiliwa mapema, pale sheria inaporuhusu, au la. Ni kweli kwamba uamuzi huo unahitaji takwimu. Karakana ambayo wateja wake ni hoteli na ofisi zilizosajiliwa inaweza kunufaika kwa kujisajili mapema, kwa kuwa wateja hao watadai VAT watakayotozwa na karakana itadai ya malighafi. Lakini takwimu hiyo inapatikana kwenye kumbukumbu za ankara, haihitaji akaunti ya kudai iliyo hewa. Programu yoyote inayoweza kuandika mstari wa kodi na kuupeleka kwenye thamani ya bidhaa inaweza pia kutoa ripoti ya mistari hiyo. Hata isipoweza, jumla ya manunuzi yenye VAT ukiigawanya kwa 118 na kuzidisha kwa 18 utapata jibu kwenye kikokotoo cha simu.

Mambo yanakuwa magumu kweli kwa yule aliyesajiliwa lakini anauza vitu mchanganyiko. Sheria ya 2014 inasamehe VAT kwenye bidhaa kadhaa, yakiwemo mazao ya kilimo yasiyosindikwa. Anayefungasha maharage anauza kitu kisichotozwa VAT, lakini mifuko na lebo amevinunua na asilimia 18 juu yake. Kodi hiyo haidaiwi, kwa kuwa mauzo yake yamesamehewa. Msamaha kwa mlaji umekuwa gharama kwa mfungashaji, na mahali pake ni kwenye bei ya pakiti ya maharage. Kama anauza pia bidhaa zenye VAT, kodi ya manunuzi yanayohudumia pande zote mbili hugawanywa kwa uwiano wa mauzo yanayotozwa kwa mauzo yote. Uwiano ukizidi asilimia 90 anadai yote, ukiwa chini ya asilimia 10 hadai kitu. Wahasibu hulalamika kwamba uwiano haujulikani mpaka kipindi kiishe, wakati mzigo umeshaingia na mwingine umeshauzwa. Malalamiko ni ya haki, lakini yanahusu usahihi na hayaigusi kanuni. Tumia uwiano wa kipindi kilichopita kuingizia mzigo, kisha tofauti ikijulikana igawanye kati ya kilichouzwa na kilichobaki. Kama tofauti ni ndogo, ipeleke yote kwenye gharama ya mauzo na uendelee na kazi nyingine.

Nina mpaka mmoja ambao baadhi ya wahasibu hawataukubali. Aliyesajiliwa hupoteza haki ya kudai VAT akikosa risiti halali ya EFD, au akichelewa kupita miezi sita tangu tarehe ya ankara. Fedha hiyo nayo haitarudi. Je, iingie kwenye bei ya mzigo? Kwa aliyenunua bila risiti, naona ndiyo: tangu mwanzo hakuwa na cha kudai, na bei aliyolipa ndiyo gharama yake. Kwa aliyeisahau ankara halali kwenye droo mpaka miezi sita ikapita, naona hapana. Siku ya kununua kodi ilikuwa ya kurudi, na mzigo uliingizwa stoo kwa usahihi bila kodi. Kilichotokea baadaye ni uzembe wa ofisi. Uandikwe kama hasara ya kipindi hicho, mahali ambapo mwenye mali ataiona. Kuupandisha kwenye bei ya bodi ni kumficha mtu wa ofisi nyuma ya mteja.

Anayeagiza nje ana mzigo mzito zaidi, kwa sababu kwake VAT ni ya mwisho tu katika msururu. Chukua makasha ya bawaba na vitasa yenye thamani ya shilingi milioni 10 yakifika bandarini, bei, bima na nauli zikiwemo, kwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 unaotokana na viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ushuru ni 2,500,000. Tozo ya maendeleo ya reli, kwa asilimia 1.5 iliyoanza nayo mwaka 2015, ni 150,000. Tuache kando ada nyingine ndogo na gharama za bandari. VAT hutozwa juu ya jumla ya vyote hivyo, yaani 12,650,000, na inakuwa 2,277,000. Kwa asiyesajiliwa mzigo umesimama kwenye 14,927,000, karibu mara moja na nusu ya thamani ya kuanzia. Ushuru na tozo ya reli kwa kawaida havirudi, mtu awe na VRN au asiwe nayo; hivyo hata kampuni kubwa lazima iviingize kwenye bei ya bidhaa. Hapa programu hukosea kwa njia nyingine. Ankara ya muuzaji wa Guangzhou iliingizwa wiki kadhaa zilizopita, ilhali malipo ya forodha yanakuja kwenye hati ya wakala, tarehe tofauti, jina tofauti. Mwandishi wa vitabu anaona karatasi yenye neno "ushuru" na kuipeleka kwenye matumizi ya ushuru. Kila programu nzito ina mahali pa kuambatisha gharama za namna hiyo kwenye mzigo uliokwisha kupokelewa. Pasipotumika, vitasa vitauzwa kwa bei ya Guangzhou.

Kuna pia siku ya kuvuka. Karakana inafikia milioni 200, inapata VRN, na kuanzia hapo bodi mpya zinaingia stoo kwa 100,000 huku za zamani zikiwa zimesimama kwa 118,000. Programu inayotumia wastani itazichanganya na kutoa bei ya katikati, jambo ambalo ni sahihi na halipaswi kusahihishwa kwa mkono. Kodi yoyote ambayo sheria itamruhusu kuidai kwa mzigo aliokuwa nao siku ya usajili itolewe kwenye thamani ya stoo siku hiyohiyo. Isiyoruhusiwa ibaki humo. Kisha aitazame bei ya kuuzia. Bodi aliyokuwa akiiuza 125,000 na kupata 7,000, sasa ndani ya 125,000 hiyo kuna VAT ya TRA, na kinachobaki kwake ni 105,932. Kwa bodi ya zamani yenye kodi ndani, hiyo ni hasara ya 12,068 kila moja. Anayeona mauzo yake yanakaribia mpaka ana sababu ya kupunguza mzigo kabla ya kuvuka badala ya kuujaza, na sababu hiyo ataiona tu kama programu yake imekuwa ikisoma 118,000 tangu mwanzo.